Jezi ya Kijani na Ng'ombe Waliofika Kabla Yangu

Jumamosi, 7 Juni

Leo nimeanza kukimbia. Naandika vizuri ili wajukuu waje wasome. Mimi, Venant, fundi redio wa Mkuyuni, miaka arobaini na saba, kilo tisini na moja, leo saa kumi na mbili asubuhi nilivaa raba nikatoka nyumbani kwa miguu yangu mwenyewe.

Klabu inaitwa Mawe Imara. Ina watu arobaini. Kapteni ni Rebeka, muuguzi, mpole wa sura, lakini akipuliza filimbi hata mbwa wanakaa sawa. Mbele kabisa anakimbia mwimbishaji, Atieno, muuza dagaa mwenye sauti ya kufika Ukerewe. Anaimba, wengine wanaitikia, miguu inafuata wimbo. Wote wana jezi ya kijani yenye jina mgongoni. Wote isipokuwa wageni wawili: mimi na Gidion.

Gidion! Anauza vipuri vya pikipiki, duka lake linatazamana na langu. Nikinunua mwavuli, naye ananunua mwavuli. Jana nilimwambia najiunga na klabu. Leo nimemkuta keshafika, ananyoosha viungo, soksi nyeupe mpaka magotini.

Sheria ya jezi ni moja. Mgeni hapewi mpaka akimbie kutoka Mkuyuni hadi uwanja wa Kirumba, kilomita sita, bila kutembea hata hatua moja. Mtihani ni siku ya Saba Saba, kwenye bonanza, klabu zote za mji zikiwa uwanjani. Halafu kuna sheria nyingine, mbaya zaidi. Hawaachi mtu nyuma. Ukichelewa, klabu nzima inageuka, inakurudia, inakuzunguka ikiimba jina lako mpaka mwendo ukurudie. Wanaita kumzunguka mtu. Wao wanaona ni upendo.

Nimezungukwa mara nne kabla ya Igogo. Mara ya tatu ilikuwa mbele ya mama lishe anayeniuzia maandazi. Gidion kazungukwa mara tatu tu. Lakini mimi nilizungukwa nikiwa wima, yeye alikuwa ameinama. Nimeridhika na mwanzo huu.

Jumatatu, 9 Juni

Miguu imegoma. Nyumba yetu iko juu maweni, ngazi themanini na nne mpaka barabarani. Nimezishuka kwa makalio. Majirani waliuliza. Nikasema nakagua nyufa.

Saa nne akapiga simu baba mkwe, Mzee Machibya, kutoka kijijini kwake njia ya Magu. Shikamoo, marahaba, pamba, ng'ombe. Kisha akasema amesikia kwa binti yake kwamba siku hizi nakimbia. Akacheka. Akacheka muda mrefu, tena kwa salio lake mwenyewe.

Najua alichokuwa anacheka. Acha nikiandike, ingawa kinauma. Miaka ishirini na miwili iliyopita, nilipomwoa Kija, nilinunua ng'ombe wa mahari mnadani Kisesa. Mzee akatoa sharti dogo: niwaswage mwenyewe pamoja na wachungaji, kwa miguu, kilomita ishirini, apate kumwona mwanaume anayemchukua binti yake. Nikakubali. Kisha nikafikiri. Palikuwa na lori linakwenda kubeba pamba. Nikapanda kimyakimya, nia yangu nishuke karibu na kwa mzee, nijipake vumbi, niingie na ng'ombe. Nikapitiwa na usingizi. Lori likapitiliza, likafia huko mbele kabisa.

Ng'ombe walifika Jumamosi. Mimi nilifika Jumatatu. Ukweni hadi leo hakuna anayeniita Venant. Wananiita Jumatatu. Watoto wadogo ambao hawakuwa wamezaliwa wananiamkia shikamoo mjomba Jumatatu.

Kwa hiyo alivyocheka, ulimi ukaniteleza. Nikamwambia mimi sikimbii tu, mimi naongoza. Nikamwambia Saba Saba nitaingia uwanja wa Kirumba nikiwa mbele ya wote, na nitavishwa jezi. Akasema vizuri, atakuja, atakaa getini aone kwa macho yake. Mungu wangu! Nimebakiwa na wiki nne.

Jumamosi, 14 Juni

Mpango wa kwanza. Nilikuwa na akili sana leo.

Kabla ya Igogo kuna njia ya mbuzi inayokatiza kati ya mawe na kutokea mbele, karibu na reli. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Wakapita. Nikaingia. Ningewatokea mbele huko, mkavu, nikiwasubiri.

Njia inapanda. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba inapanda. Juu kuna mwanamke ameanika nguo kwenye jiwe, na mbwa wake. Mbwa akanisindikiza hadi chini. Nilipotokea barabarani hapakuwa na mtu. Nikapanga tabasamu, nikasubiri. Dakika tano. Kumi.

Kumbe Rebeka huwa anahesabu vichwa! Alipokosa kichwa kimoja aligeuza klabu nzima kwenda kunitafuta. Wakarudi hadi dukani kwangu. Hawakunikuta. Wakapanda ngazi zote themanini na nne wakiimba jina langu. Kija akatoka na khanga kichwani akidhani nimekufa. Mimi nilianza kusikia jina langu kwa mbali, nikalazimika kuwafuata kilomita mbili, mbio tupu, ili nionekane niko hai. Walinizunguka kwa furaha ya kweli. Atieno alitokwa na machozi.

Gidion akauliza nilikuwa wapi. Nikasema kuna mtu alikuwa anafukuzwa na mbwa, ikabidi nibaki naye. Si uongo.

Jumapili, 15 Juni

Nimepata ufunuo, tena kanisani. Wakati wa sadaka kwaya ilianza na wimbo wa polepole. Mstari wote ukaenda polepole. Ghafla wakabadilisha, ngoma ikakolea, nikaona bibi mmoja wa miaka themanini analiendea sanduku la sadaka karibu anakimbia. Nikasema ahaa kwa sauti. Padri akanitazama.

Anayeamua mwendo si kapteni. Ni mwimbishaji! Nikiimba mimi, watu wote watakwenda mwendo wangu. Na mwimbishaji hawezi kuzungukwa, maana wimbo wenyewe uko kwake. Sijui kwa nini hakuna mtu aliyewahi kuliona hili katika nchi hii.

Baada ya misa nikamfuata Atieno, nimejiandaa kwa mapambano. Nikamwambia nitamtengenezea spika yake bure. Akasema spika yake ni nzima, ila kuimbisha nichukue tu, koo lake limechoka, ni mwaka wa sita huu. Akauliza kama naweza kuimba na kukimbia kwa wakati mmoja. Nikasema sisi watu wa Bukoba tunazaliwa tukiimba. Akasema hajauliza habari za kuzaliwa.

Jumamosi, 21 Juni

Wimbo nimeutunga mwenyewe. Mimi: Twende taratibuuu, ziwa halikimbiii! Wao: Halikimbiii!

Raha iliyoje! Klabu nzima ikaburuta miguu nyuma yangu. Nilipumua. Niliona mabango, ndege, mawe, vitu ambavyo Jumamosi nyingine vinapita kama ukungu. Gidion alikuwa ananikanyaga visigino kwa hasira.

Pale sokoni Mkuyuni nikaona wanaume wanavua kofia. Nikadhani ni heshima kwa sauti yangu. Mama mmoja akatua beseni la nyanya, akafanya ishara ya msalaba. Bodaboda wakazima pikipiki. Tulipofika Igogo mzee mmoja akamshika Rebeka mkono, akamuuliza marehemu alikuwa nani na tunazika saa ngapi. Kugeuka nyuma, watu kumi na mmoja tusiowajua wameungana nasi, wameinamisha vichwa. Mmoja alikuwa na jembe.

Rebeka amesema wiki ijayo niongeze kasi au nirudishe wimbo kwa mwenyewe. Sawa. Lakini nimemaliza kilomita tatu bila kuzungukwa hata mara moja. Na hakuna mwimbishaji aliyewahi kuiongezea klabu watu kumi na mmoja kwa asubuhi moja.

Jumatano, 25 Juni

Nimejaribu kuimba kwa kasi nikipanda ngazi. Nilifika ya kumi na tano, nikaona nyota. Pumzi ya kuimba na pumzi ya kukimbia zinatoka tundu moja. Hilo ni kosa la maumbile, si langu.

Lakini mimi ni fundi! Leo mchana nimejirekodi. Nilikaa kwenye sofa, miguu juu ya meza, chai pembeni, nikaimba dakika hamsini, sauti nzito, bila kuhema. Nimefunga spika na betri ndani ya begi la mgongoni. Kilo sita. Jumamosi mimi kazi yangu ni kuchezesha midomo.

Kija akaniuliza kama si afadhali hizo dakika hamsini ningekimbia. Wanawake hawaelewi mitambo.

Alhamisi, 26 Juni

Nimepanda na kushuka ngazi na begi mara tisa kusikiliza kama sauti inayumba. Inayumba. Nimekaza nyaya, nikarudia mara tisa nyingine. Si mazoezi haya, ni majaribio ya mitambo.

Ijumaa, 27 Juni

Majaribio tena. Mara ishirini na mbili. Suruali imelegea kiunoni, lazima fundi cherehani aliniibia kitambaa.

Jumamosi, 28 Juni

Mtambo ulifanya kazi! Kwanza niandike hilo.

Kutoka Mkuyuni hadi relini sauti yangu ilinguruma mji mzima ukasikia. Mimi: Mwanza ni mawe! Wao: Mawe ni yetu! Midomo yangu ilicheza sawasawa. Rebeka akanionyesha dole gumba. Gidion alikuwa ananitazama mdomo, ananitazama begi, ananitazama mdomo. Nikaongeza tabasamu.

Kilomita ya nne. Wimbo wa mawe ukaendelea, kisha kikaja kimya kidogo. Nikakumbuka: hapo ndipo niliponyanyua kikombe. Na kabla sijafanya lolote ikatoka begini sauti ya mke wangu, kubwa, safi, bila kuyumba hata kidogo: Baba Nathaniel, chai inapoa!

Na wao, kwa kuwa wamezoea kuitikia, wakaitikia. Watu arobaini kwa pamoja: Chai inapoa!

Kija: Toa miguu mezani!

Wao: Miguu mezani!

Kija: Tangu saa nane umekaa!

Wao: Umekaa!

Walikwenda hivyo mita mia mbili, miguu inapiga chini vizuri kuliko siku zote, hadi Atieno alipokaa kando ya barabara kwa kicheko. Rebeka akapuliza filimbi. Akafungua begi langu. Hakufoka. Alisema Saba Saba hakuna mashine, nitaimba kwa mdomo wangu au sitaimba. Kisha akalipima begi kwa mkono, akaniuliza kilo hizi nimezibeba umbali wote huo. Nikasema ndiyo. Akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa.

Gidion amehamia kwenye wimbo huo. Jioni nzima ameuimba toka dukani kwake akihudumia wateja.

Jumapili, 6 Julai

Mzee Machibya amefika, na fimbo yake na kuku wawili. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba Jumatatu. Akasema na kesho kweli ni Jumatatu, siku yangu. Kisha akaitazama miguu yangu kama anavyotazama miguu ya ndama mnadani. Akauliza geti la uwanja linafunguliwa saa ngapi.

Sikuweza kula. Hiyo haijatokea tangu nizaliwe.

Kija alinifuata nje. Akasema nina njia mbili, nimwambie baba yake ukweli sasa hivi kwamba sijawahi kufika hata mara moja, au kesho nikimbie. Nikamwambia iko ya tatu, nikaanza kumweleza habari ya mguu kuteguka. Akaingia ndani.

Naogopa. Naandika hapa tu. Miaka ishirini na miwili nimekuwa Jumatatu, na nimezoea kucheka nao. Lakini kila nikicheka, Kija huwa anatazama pembeni. Kesho nataka atazame mbele.

Jumatatu, 7 Julai. Saba Saba

Nimefika! Nimefika! Nimefika mara mbili! Nieleze kwa utaratibu.

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu. Nikaanza na wimbo wa mawe. Igogo nilikuwa bado mzima. Mgongo ulikuwa mwepesi ajabu, nilihisi kama nimesahau kitu nyumbani. Nikagundua pia jambo zuri sana: wao wakiitikia, mimi napumua. Nikiimba mfupi na wao wakaitikia mrefu, napumua zaidi. Nikawarefushia. Hivyo tukavuka reli, tukapita mjini, maduka yamefungwa, watu kwenye vibaraza wanapunga mikono.

Kilomita ya tano maneno yakaniisha. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Miguu ikaanza kulegea na Rebeka akaigusa filimbi yake. Nikajua sasa wananizunguka, leo, ikiwa imebaki kilomita moja, na mzee yuko getini. Hapo nyuma kabisa mtu akapaza sauti peke yake: Chai inapoa! Klabu nzima ikalipokea: Chai inapoa! Wakaimba wao, mimi nikaitikia. Kwa mara ya kwanza nimeitikia. Walinibeba mpaka pumzi ikarudi, na hakuna aliyenizunguka. Aliyeanzisha alikuwa Gidion. Sijui alikuwa anasaidia au ananikejeli. Nadhani vyote viwili.

Ikaanza harufu ya dagaa kutoka Mwaloni. Nikaona taa za uwanja. Nikaona geti, na pembeni yake, kwenye kiti cha plastiki, Mzee Machibya na fimbo, na Kija amesimama nyuma yake. Niko mbele ya wote. Hatua hamsini. Thelathini. Kumi!

Filimbi.

Gidion ameshikwa na msuli wa mguu, yuko nyuma mita mia tano, anachechemea. Klabu inageuka. Na wimbo ni wangu!

Nilisimama pale, narukaruka mahali pamoja, nisije nikahesabiwa nimetembea. Geti hili hapa. Mzee huyu hapa. Nikiingia, nimeshinda. Klabu nzima inanisubiri niimbe. Nilimwona Mzee Machibya anainuka. Nikaona ninavyogeuka mgongo, na nikajua anachoona yeye: Jumatatu yuleyule, amefika mlangoni, anatoroka tena. Niliumia, jamani. Nikageuka hivyohivyo.

Tulimrudia Gidion. Tukamzunguka. Nikamwimbia jina lake kwa sauti yote niliyobakiwa nayo. Alikuwa amefura, macho mekundu, anasema tumwache, anasema mimi niende nikachukue jezi yangu. Nikamwimbia kwamba soksi zake zinachafuka. Akacheka bila kupenda, mguu ukafunguka, akaanza kukimbia. Tukarudi wote. Kilomita sita zimekuwa saba.

Tuliingia getini bega kwa bega. Sikutembea hatua hata moja. Yeye alichechemea, lakini Rebeka amesema kuchechemea si kutembea.

Jezi zilikuwa tayari zimechapwa. Yake imeandikwa GIDION. Yangu imeandikwa CHAI INAPOA. Nimeambiwa klabu ilipiga kura, na ni mtu mmoja tu aliyepinga, naye ni Kija, asiye hata mwanachama, aliyetaka MIGUU MEZANI. Nimeivaa. Ni nzuri mno. Nimelala nayo mchana.

Mzee Machibya alinisubiri hadi wote walipomaliza kunipongeza. Nikasogea, nikainama kidogo. Akasema alikaa pale tangu saa moja. Akasema ameniona nikifika, ameniona nikirudi kumchukua mwenzangu, ameniona nikifika tena. Akasema ile siku ya ng'ombe alitaka kuona kitu kimoja tu, na amekiona leo. Kisha akanipa mkono, akasema hongera, Venant.

Venant! Kija alikuwa anatazama mbele.

Jumanne, 8 Julai

Nimetafakari kwa kina sababu za ushindi. Wapo wanaosema ni kupanda ngazi na begi la kilo sita. Wapo wanaosema ni klabu. Rebeka anasema vyote hivyo, na ameongea kwa muda mrefu. Nimemsikiliza kwa heshima. Lakini ukitazama vizuri utaona ni akili tu. Bila mipango yangu nisingefika popote.

Asubuhi Mzee Machibya, akiwa na furaha, ameialika Mawe Imara nzima kwake siku ya Nane Nane. Atachinja ng'ombe. Tutakimbia kutoka mnadani Kisesa hadi nyumbani kwake, kilomita ishirini, njia ileile, na nitaimbisha mimi. Nikasema baba, ishirini ni chache. Gidion alikuwa karibu, akasema kwake pia ni chache.

Mchana nimekwenda Kisesa kuiangalia njia. Ni ndefu sana. Lakini nimeonana na dereva mmoja, mtu mwema, ambaye siku hiyo atakuwa anapita na lori kwenda kubeba pamba. Safari hii nimekuwa makini, nimemuuliza kabisa kama lori ni zima. Amesema ni zima. Hata hivyo nimekuta mtu keshaweka nafasi ya mbele, ameacha soksi nyeupe juu ya kiti.